Mstari wa Kinyerezi

Nyinyi mnaobaki katika banda la mawe pale Kurasini mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeo sina vya kusimulia, na mshahara hauna hadithi. Nitaandika yale niliyoyashika kwa mikono yangu: mashimo, mawe, dira, na kosa moja ambalo wengi wenu mmelisikia likisimuliwa vibaya.

Nilianza kazi miaka michache kabla ya vita vya pili. Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Aliugua kifua, akafa, na mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Mimi nilikuwa darasa la tatu, mkubwa wa watoto wanne. Baada ya arobaini ya mama, baba mdogo alikuja nyumbani kwetu Mbagala kutugawa: Asha aende Kisarawe kwa shangazi, Zuberi achukuliwe na yeye, Mwanaidi apelekwe kwa bibi, nami nijitafutie.

Nikamwambia, "Baba mdogo, sisi hatugawanywi."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akacheka. "Haya, Mwinshehe. Walishe basi."

Shule nikaiacha. Nilichoma mkaa, nikasuka makuti, nikabeba mchanga wa wajenzi. Siku moja nilipeleka mchanga Kurasini, katika banda alilokuwa amepanga Mwingereza mmoja aliyetumwa na chuo kikuu cha kwao kuchunguza nyufa za ardhi. Alikuwa akimtafuta mtu wa kuandika vipimo. Makarani wawili walikuwa wamekwisha kuja na suruali zilizopigwa pasi, wakaondoka waliposikia kwamba kazi yenyewe iko porini. Nilipokuwa nikimwaga mchanga aliniuliza kama najua kuandika. Akanipa karatasi ya tarakimu ninakili. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema saba yangu haifanani na moja yangu, na hilo linatosha. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika elimu ya chuo kikuu, kwa sababu ya saba.

Kazi yetu mnaijua, lakini naieleza kwa ajili ya mke wangu, ambaye miaka yote hii amewaambia majirani wa Temeke kwamba nachimba visima. Chukua chapati nyingi, uzipange moja juu ya nyingine, uzikate katikati kwa kisu, kisha usukume upande mmoja chini kidogo. Sasa chapati ya tatu ya upande huu inatazamana na ya pili ya upande ule. Ardhi nayo imepangwa hivyo, tabaka juu ya tabaka, na mahali ilipokatika na kuteleza ndipo penye ufa. Ilipoteleza zamani inaweza kuteleza tena, na ikiteleza, walio juu yake hutikiswa. Kazi ya yule Mwingereza ilikuwa kujua nyufa ziko wapi na zinaelekea wapi. Kazi yangu ilikuwa kuandika anachopima, na baadaye kupima mwenyewe.

Watu walimwita Bwana Daktari, kwa sababu barua zake ziliandikwa hivyo. Matokeo yake ni kwamba kila tulipopiga hema, kina mama walileta watoto wenye homa. Alijaribu mara nyingi kueleza kwamba yeye ni daktari wa mawe. Mama mmoja wa Yombo akamjibu, "Sawa, baba, na huyu tumbo lake gumu kama jiwe." Tangu hapo tulibeba kwinini, dawa ya homa.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Maganga, Mnyamwezi, ambaye alikuwa amewabebea wapimaji mizigo tangu ujana wake na alijua dira kuliko baadhi ya wapimaji wenyewe. Mimi ni Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Siku ya kwanza nilipofika na panga langu kiunoni, alinizunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Mzaramo huyu! Ninyi kitu mnachojua kupima ni ngoma tu."

"Na ninyi Wanyamwezi, mkikosa mzigo kichwani mnaumwa shingo."

"Vizuri. Una mdomo. Sasa vua hilo panga."

Nilidhani ni utani. Akaitoa dira, ile yenye kifuniko cha shaba, akaifungua kiganjani na kunisogeza karibu. Sindano ikayumba, ikaniangalia mimi badala ya kaskazini. "Chuma," akasema. "Sindano ni kama mke mwenye wivu. Ikiona chuma kingine inasahau njia ya kwenda kwao. Panga weka kule. Nyundo kule. Mkanda wenye kifungo cha chuma, vua. Kama hujavua, usipime." Mwaka mzima nilipima kwa kuvua. Nikawa navua hata nisipoambiwa, na Asha akalalamika kwamba nakuja nyumbani suruali imefungwa kamba ya mkonge kama mwehu.

Mengine niliyojifunza miaka ile yalikuwa madogo, lakini ndiyo kazi yenyewe. Jiwe usilitoe mahali pake kabla hujalichora mshale unaoonyesha juu ni wapi, maana jiwe likishatoka mkononi mwako halisemi lililalaje. Ukuta wa shimo uukwangue kwa kisu toka juu kwenda chini, la sivyo udongo wa juu utapaka rangi ya uongo tabaka za chini. Mchanga ukiukosea jina, uuonje. Wenye udongo wa mfinyanzi hunata menoni. Nimekula ardhi ya Kinondoni, ya Kurasini, ya Pugu. Ya Pugu ndiyo laini.

Mwaka wa nne tulikwenda Kinyerezi. Wakati ule kulikuwa pori na mashamba ya mihogo, na kijito kilichokata ukingo mrefu wa udongo. Katika ukingo huo Bwana Daktari aliuona ufa aliokuwa akiutafuta: udongo mweupe upande mmoja, mchanga mwekundu upande wa pili, na kati yao mstari mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu. Alifurahi mpaka akampa mkono Mzee Maganga. Jioni ile homa ikamshika. Asubuhi alikuwa kitandani, kwinini imemziba masikio. Akaniita hemani.

"Mwinshehe, wewe pima. Ufa unaelekea wapi, na umeinama kiasi gani. Mara tatu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupima peke yangu. Maganga alikuwa amekwenda Pugu kutafuta chakula. Nilivua panga, nikavua mkanda, nyundo nikaiacha mbali. Niliogopa kukosea, na sindano haikutaka kutulia kiganjani. Basi nikafanya kama tunavyofanya sote nyumbani tukikosa meza. Niliinua debe tupu la maji, nikaligeuza kitako juu usawa wa ule mstari, nikaweka dira juu yake. Sindano ikatulia vizuri sana. Nikapima mara tatu, mara zote ikanipa jibu moja. Nikaandika kwa saba zangu safi.

Lazima niseme hapa, kwa sababu vijana huniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilijua chuma. Chuma kwangu ni panga, nyundo, jembe, reli. Debe halikuwa chuma. Debe lilikuwa debe. Tulitekea maji, tulipimia mahindi, Mwanaidi alilikalia akisukwa nywele.

Usiku wa pili mvua ilinyesha, kijito kikajaa, ukingo wote ukaporomoka. Bwana Daktari alipopona akakuta rundo la matope. Akachukua daftari langu, akaweka rula juu ya ramani na kuurefusha mstari kufuata tarakimu zangu. Mwendo wa nusu saa kutoka kijitoni, mstari ulipita katikati ya kitongoji cha nyumba kumi na mbili. Akaituma ramani ofisi ya serikali mjini. Wakati huo walikuwa wakipanga kujenga maeneo yale, wakaamua, kwa haki kabisa kwa jinsi ramani ilivyowaambia, kwamba watu wasiachwe juu ya ufa. Kitongoji kihame kabla ya masika.

Tulitumwa kuwaeleza. Mkubwa wa pale alikuwa mjane, Bi Tatu, mwembamba, mkali, kanga yake ameifunga kama mtu anayekwenda kugombana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe. Akichoka pembe moja, anaihamishia ya pili, ndipo tunatikisika. Huyo ng'ombe unataka kuniambia amesimama chini ya jiko langu?"

"Ndivyo vipimo vinavyosema, bibi."

"Nani amevipima?"

"Mimi."

Akajifunga upya kanga yake. Kisha akasema, "Basi tutahama. Mtoto wa watu hawezi kutembea mbali hivi kuja kunidanganya."

Miezi miwili baadaye nilikuwa bandani Kurasini, naandika vibandiko vya mawe. Dira ilikuwa wazi mezani. Mzee Maganga akaingia na debe tupu, akaliweka pembeni mwa meza. Nikaiona sindano ikigeuka taratibu kulifuata debe, kama mbuzi aliyeona majani. Akaliondoa, ikarudi. Yeye hakuona kitu. Mimi niliona ukingo wa Kinyerezi wote, na nyumba kumi na mbili.

Nilikaa kimya siku tatu. Nawaambia ukweli, sikuwa nikifikiri juu ya Bi Tatu. Nilikuwa nikifikiri juu ya Zuberi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na juu ya baba mdogo, ambaye angekuja siku ile ile akisikia sina kazi, na safari hii nisingekuwa na la kumjibu. Ukingo umeporomoka. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuupima tena. Nikinyamaza, mstari ungebaki mstari.

Siku ya nne Mzee Maganga alininyang'anya kofia, akaivaa yeye.

"Nimeiteka."

"Mzee Maganga, sina nafasi ya utani leo."

"Utani hauulizi nafasi. Mali ya mtani nikiiteka, haigombolewi kwa ngumi. Igomboe. Sema una nini. Siku tatu unayatazama madebe kama mtu aliyetokewa na jini."

Tulikuwa tukitembea kutoka Kurasini kwenda Mbagala, jua la alasiri machoni. Watu walipita wakacheka kumwona mzee na kofia ndogo utosini. Nikamwambia yote. Hakucheka.

"Atakufukuza," akasema.

"Najua."

"Jana nilipita kule. Wameanza kuezua. Yule mama ameanza na ya kwake." Akaivua kofia, akaikung'uta vumbi. "Mficha uchi hazai, mtani. Lakini mimi sikusukumi. Wenye kula ni wanne."

Akanirudishia kofia. Sikulala na jambo hilo tena. Niligeuza njia pale pale, nikarudi Kurasini, nikamkuta Bwana Daktari akifunga mlango wa banda.

"Bwana, kipimo cha Kinyerezi si sahihi."

"Kwa nini?"

"Niliweka dira juu ya debe."

Alikuwa na tabia ya kuifuta miwani yake anapotaka muda. Akaifuta. "Debe la nini?"

"La maji, Bwana. Tupu."

"Nani mwingine anajua?"

"Maganga, tangu leo."

"Na ukingo umeanguka."

"Umeanguka, Bwana."

"Basi ungenyamaza, mimi nisingejua."

"Usingejua."

"Kwa nini umesema?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Likatoka moja. "Wanaezua."

Akafungua tena mlango. Akaweka debe mezani, dira juu yake, akalizungusha debe kidogo kidogo akiandika kila jibu. Akachukua debe la pili, na la tatu. Kila debe lilikuwa na kichwa chake. Tulitumaini kupata tofauti moja ya kutoa, tukapata tisa. Hesabu isingetuokoa, ilibidi kuchimba.

"Dira, iache mezani," akasema.

Nikaiacha. Nikajua kazi imekwisha. Nikaanza kumpigia hesabu Asha, kama atakubali kuuza vitumbua.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na jembe."

Alimtuma Maganga kwenda kitongojini kuwazuia wasiendelee kuezua, na siku hiyo hiyo akaandika barua ofisini kwamba ramani aliyowapa isitumike. Mtu aliyesoma miaka yote ile kuandika barua ya namna hiyo, na kuiandika kwa sababu ya mbeba mchanga wa Mbagala, si jambo dogo. Hakunitukana. Wiki mbili hakusema na mimi ila maneno mawili: "chimba" na "basi".

Tulichimba shimo la kwanza mbali kidogo na kijito. Mchanga mtupu. La pili, urefu wa watu wawili, mchanga mtupu na chura mmoja. Mikono yangu ilipasuka. La tatu tulilichimba chini kabisa bondeni, katika shamba la mihogo, na siku ya tano Maganga, aliyekuwa akikwangua ukuta, akaacha kuimba. Ilikuwa ishara yake. Nikashuka. Udongo mweupe ulikuwa kushoto kwake, mchanga mwekundu kulia, na mstari katikati, upana wa kidole.

Bwana Daktari alishuka, akautazama, akapanda. Kisha mkono wake ukarudi shimoni umeshika dira.

"Mwinshehe. Pima."

"Mimi, Bwana?"

"Nimpe nani? Mtu asiyewahi kukosea, nitajuaje kama siku akikosea atasema?"

Nikavua panga. Nikavua mkanda. Nikatoa mfukoni ufunguo wa nyumba, sindano ya kutolea miba, na senti iliyotoboka ambayo ni shaba tupu na haina kosa lolote. Maganga akasimama juu ya shimo akinitazama.

"Vua na meno, mtani. Huenda yana chuma."

Nikapima mara kumi. Safari hii tulikuwa na mahali pawili, shimo na ukingo wa zamani, kwa hiyo mstari haukutegemea sindano peke yake. Tuliunganisha vigingi kwa kamba, na kamba ikakubaliana na dira. Mstari wa kweli ulipita bondeni, chini ya mihogo, mbali na nyumba zote kumi na mbili.

Kwenda kuwaambia niliomba niende peke yangu. Nyumba saba zilikuwa zimekwisha kuezuliwa. Zilisimama na fito zao wazi. Bi Tatu alikuwa akipika uani, kwa kuwa ndani hakuna tena ndani. Nilimwamkia, nikamweleza, pamoja na debe.

Alikoroga sufuria yake kwanza. "Kumbe si ng'ombe. Ni debe."

"Ni mimi, bibi."

"Wewe na debe." Akaugonga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Makuti yangu yamevunjika yote wakati wa kuyashusha. Kuezua watu unajua. Kuezeka unajua?"

"Najua."

"Tutaona."

Niliezeka Jumapili tisa. Asha na Mwanaidi walisuka makuti, Zuberi alinirushia kamba, na watu wa kitongoji walifanya kazi pamoja nasi, ingawa mwanzoni mzee mmoja hakunijibu salamu. Mvua za kwanza zilikuta paa moja tu halijakwisha. Bi Tatu alikaa chini ya la kwake mvua ikinyesha, akaniita ndani, akaniambia nionyeshe panapovuja. Hapakuvuja. Baadaye alitaka kujua ufa hasa uko wapi. Nikampeleka bondeni kwenye vigingi. Akaupima kwa macho, akasema ataendelea kupanda pale pale. Dunia ikitaka kupasuka ianze na mihogo.

Dira sikurudishiwa upesi. Kiangazi chote kilichofuata nilibeba mawe, na mpimaji mgeni aliyekuja kupima badala yangu nilimwandikia tarakimu. Haikuwa adhabu mbaya. Mwaka uliofuata Bwana Daktari aliniletea dira bandani, nami nikavua mkanda, nikaipokea. Alipoondoka wakati wa vita alikuja mwingine, na baada ya vita wa tatu. Tulipima Pugu, tukapima mabonde yote ya huku nyuma ya mji, tukaona Temeke ikipangwa mitaa na mimi mwenyewe nikapata nyumba ndani yake. Mzee Maganga alirudi kwao Tabora, na nilipopata habari za kifo chake nilikwenda msibani siku mbili garimoshini. Nikawafanyia fujo ya mtani kama inavyotakiwa, nikalala mahali pa maiti, nikadai nipewe mzigo wake niubebe. Wanawe walicheka na kulia. Sasa goti langu halishuki tena shimoni, ndiyo maana nimetoka.

Limebaki jambo moja. Ramani ile ya Kinyerezi, Bwana Daktari hakuitupa. Mstari wa kwanza aliukata kwa wino mwembamba, ili uendelee kusomeka, akachora wa pili. Pembeni mwa wa kwanza aliandika: kipimo cha Mwinshehe. Pembeni mwa wa pili aliandika: kipimo cha Mwinshehe. Ramani zetu nyingine zote zina jina la mtafiti peke yake.

Mwezi uliopita, kabla sijakabidhi funguo, mchoraji wetu mpya alikuwa akiinakili kwenye karatasi nzuri. Ni kijana wa heshima, mtu wa bara. Akaniuliza kwa upole kama aufute ule mstari wa makosa, ramani iwe safi.

Nikamwambia auache.

"Na jina, mzee? Naweza kulitoa lile la kwanza, nikaacha la pili tu. Hakuna atakayejua."

"Ninajua," nikamwambia. "Andika yote mawili."